Muhuri wa Jumatano

Kama kuna jambo lililomchoma roho Assumani kuliko njaa yenyewe, ni kuambiwa apumzike. Apumzike! Mtu mzima, mwenye watoto na mikono miwili mizima, mwenye dirisha lake pale posta ya Panda, mjini Likasi, alilolikalia tangu ujana wake. Halafu mkubwa mmoja wa Lubumbashi, ambaye hajawahi kubeba gunia la barua hata hatua tatu, anachukua kalamu na kuandika kwamba kuanzia juma lijalo posta zitafunguliwa Jumanne na Ijumaa tu, tena asubuhi, na siku zilizobaki wafanyakazi "watapumzika". Assumani alipolisikia neno hilo aliuma meno.

Walisomewa amri hiyo Jumatatu, wakiwa wamesimama katikati ya magunia. Aliyesoma alikuwa Benoît, mkuu wa posta, mtu mwembamba mwenye kujisafisha koo kabla ya kila sentensi. Wasikilizaji walikuwa wawili tu: Assumani wa dirishani, na Mama Germaine, mpangaji wa barua, mjane ambaye ulimi wake ulikuwa haujui breki.

"Kazi imepunguka," Benoît akasema. "Wakubwa banasema, kazi kiloko, saa kiloko."

"Imepunguka wapi?" Germaine akadakia. "Chef, angalia ile magunia! Bantu bote benye balifukuzwa huku, bakapandishwa treni kwenda Kasai, beko banaandikia majirani. Banauliza nyumba zabo, banauliza nani anapalilia makaburi ya batoto babo. Na weye unasema kazi iko kiloko?"

"Minye sisemi. Karatasi njo inasema."

"Basi karatasi ikuje kupanga barua!"

Assumani hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka. Alikuwa anafikiria mshahara, ambao hata ulipokuja ulikuja umechelewa na haununui kitu; lakini mtu anayefanya kazi bila kulipwa bado ana kazi, na akipita barabarani bado watu wanamwita Papa Posta. Mtu aliyepumzishwa anaitwa nani? Na mkosi hauendi peke yake: Benoît akawapa rundo la matangazo ya saa mpya, yapelekwe kwenye shule, parokia na makampuni, Likasi na Lubumbashi, ili watu wasije kulalamika kwamba hawakujulishwa. Kutwa nzima Assumani akayapiga muhuri moja moja. Alikuwa anachimba kaburi lake mwenyewe, na jembe amepewa na serikali.

Sasa lazima niseme juu ya muhuri wenyewe, maana usipoujua huwezi kumjua mwenyewe. Ulikuwa wa chuma, mpini wake umelainika kwa kiganja chake. Kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha, Assumani alitoa vijichuma vya tarehe ya jana kwa kibano, akapachika vya leo, akapiga mara moja juu ya karatasi chakavu na kuitazama kwa jicho moja. Tarehe ikikaa sawa, siku imeanza. Kulikuwa na watu waliomjia wakimwomba arudishe tarehe nyuma kidogo, tafadhali, kwa sababu ya kesi, kwa sababu ya zabuni, kwa sababu ya hiki na kile. Mmoja alikuja na kuku. Aliondoka na kuku wake, tena anakimbia, maana Assumani alikuwa amesimama juu ya kiti na kumtukana mbele ya watu wote.

"Mdomo wa muntu unaweza kudanganya," alikuwa akiwaambia watoto wake nyumbani. "Muhuri hapana."

Mtoto wake wa kwanza ni Dunia. Msichana huyu alimaliza sekondari katika miaka ile ambayo walimu walifundisha wakijisikia, akamaliza vizuri hata hivyo, kwa kusoma madaftari ya dada wa jirani. Masista fulani wa Lubumbashi wenye shule ya wauguzi walikuwa wanatafuta wasichana wachache wa kusoma bila karo. Hawakuuliza dini, waliuliza alama. Ila masharti yao yalikuwa makali: dosie, yaani bahasha za vyeti, zije kwa posta peke yake, kwa sababu waliozipeleka kwa mkono walikuwa wanapeleka na hongo ndani yake, na muhuri wa posta usipite Jumatano ya juma lile lile, juma la kwanza la "mapumziko". Ukipita, dosie haifunguliwi.

Na kama Dunia hakuingia pale, aingie wapi? Kazi zilikuwa zimekufa. Rafiki zake wawili walikuwa wameshaolewa na wanaume waliowazidi kwa mbali, kisa gunia la unga. Mwanamume mmoja dereva alikuwa ameanza kupita pale kwao, anasalimia sana, anasifu chai. Assumani alimjibu salamu kwa ufupi wa mtu anayefukuza nzi.

Dosie ilikuwa tayari, ila cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Jumanne, posta ikiwa wazi, Dunia alishinda komini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Karani hayupo. Karani amekwenda shambani kulima mahindi, na nani angemlaumu? Naye alikuwa na tumbo. Jumatano asubuhi karani akarudi, akasaini, na Dunia akaja mbio nyumbani na cheti mkononi, jasho linamtoka, anacheka.

"Baba, kimetoka! Na leo njo siku ya mwisho. Si tumefika?"

"Tumefika," alisema Assumani, na moyo wake ukamwambia bado.

Wakaenda wote wawili hadi posta. Mlango umefungwa, kufuli limening'inia. Assumani akazunguka nyuma, kwenye nyumba ya Benoît, akabisha hodi. Benoît akatoka amevaa kandambili, mswaki mdomoni.

"Chef, samahani. Nifungulie kiloko tu. Minye mwenyewe nitapiga, minye mwenyewe nitafunga. Ni dosie ya mutoto, leo njo mwisho."

Benoît alitema povu, akajisafisha koo.

"Papa Assumani, minakuheshimu. Funguo iko na minye, muhuri iko ndani ya sanduku. Lakini leo haiko siku ya kazi. Nikikufungulia weye, kesho nitakataza nani?"

"Usikataze muntu! Iko posta hii!"

"Ilikuwa posta," alisema Benoît, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Sasa iko posta ya Jumanne na Ijumaa. Bantu ba Lubumbashi bakisikia, banafunga yote. Unataka Mama Germaine akose hata ile asubuhi mbili?"

Hapo akawa amemshika pabaya. Assumani alipiga ukuta kwa kiganja, akaapa Wallahi hatasahau, akasema maneno ambayo Dunia hakuwahi kuyasikia kutoka kwa baba yake, na mlango ukafungwa taratibu mbele ya uso wake. Walirudi nyumbani. Dosie aliibeba Assumani kwapani. Hakula siku ile wala kesho yake. Mkewe akimwekea ugali, anautazama kama mgeni.

Usidhani alilala akapanga hila. Hakupanga. Ijumaa asubuhi alikwenda kazini kama kawaida, dosie bado iko kwapani, akapachika tarehe ya Ijumaa, akapiga kwenye karatasi chakavu, akatazama. Nje watu walikuwa wamejazana, siku zote za juma zimesongamana kwenye asubuhi moja, wanasukumana, wanamtukana yeye kana kwamba ndiye aliyefunga. "Munalala sana!" mzee mmoja alimfokea kupitia dirishani. "Munakula mushahara ya bure!" Mshahara! Kitu kikamkatika Assumani kifuani. Miaka yote ile ya kunyooka, na malipo yake ndiyo haya: kuambiwa mvivu na watu ambao anatamani kuwatumikia.

Akainama chini ya meza. Akafungua muhuri, akatoa Ijumaa, akapachika Jumatano. Kibano kikaanguka mara mbili. Akapiga bahasha ya Dunia, pa, akarudisha tarehe ya leo haraka, na alipoinua uso akakutana na macho ya Germaine.

Germaine alishika bahasha, akasoma tarehe, akasoma na jina. Kwa mara ya kwanza ulimi wake ulipata breki. Aliitupa ndani ya gunia la Lubumbashi, akafunga kamba.

"Minye sikuona kintu," akasema. "Lakini mwaka gani uliona dawa mbaya ikiponyesha muntu?"

"Nyamaza, Mama."

"Nimenyamaza."

Siku zikapita. Nyumbani Dunia alikuwa anaimba akiosha vyombo, akajifunza kumfunga mdogo wake bendeji kwa kitambaa cha kichwa. Assumani alitaka kumwambia, kisha akaona, ya nini? Jambo limekwisha. Masista watatazama tarehe, wataona Jumatano, basi. Aliyepiga na aliyeona wote wamefunga midomo. Alijituliza hivyo, lakini kila gunia la Lubumbashi lilipofunguliwa aliacha dirisha akageuka kutazama.

Bahasha ilirudi Jumanne moja. Ilikuwa ile ile, haijafunguliwa, imebandikwa karatasi ndogo juu. Germaine aliitoa guniani, akaja nayo mpaka dirishani kwa Assumani, akaiweka mbele yake na kusimama pale pale, maana hakutaka aisome peke yake. Sista aliyeandika alikuwa na mwandiko mzuri. Alisema shule ilipokea tangazo la saa mpya za posta, kwamba kwa mujibu wa tangazo hilo Jumatano posta ya Panda ilikuwa imefungwa, kwa hiyo muhuri huu hauwezi kuwa wa kweli. Akamalizia kwamba msichana anayeanza masomo kwa udanganyifu hawezi kukabidhiwa wagonjwa.

Msichana! Dunia ndiye aliyeitwa mwongo.

Barua ya pili, yenye maneno hayo hayo, ilikuwa imekwenda kwa Benoît. Alikuja nayo mkononi, uso umemkunjamana.

"Weye, Assumani? Weye mwenyewe? Ile matangazo si weye njo ulipiga, moja moja? Hukujua batasoma?"

"Nilijua batasoma."

"Sasa?"

Assumani akashika mpini wa muhuri. Alipiga matangazo yale akiwa na hasira ya kufungiwa mlango, na alipoipiga bahasha alikuwa na hasira hiyo hiyo, na katika hasira yote ile hakuwahi kukubali kwamba Jumatano imekufa. Serikali inaweza kufunga mlango, lakini inafutaje siku? Kichwani mwake Jumatano ilikuwa pale pale, na yeye alikuwa na dirisha lake ndani ya siku hiyo.

"Imenipasa nikusimamishe kazi," alisema Benoît, akajisafisha koo, akasita. Akatazama dirisha, akatazama magunia. "Kazi gani? Hii asubuhi mbili? Kaa. Bantu banangoja."

Heri angefukuzwa. Alihudumia mpaka mwisho, kila barua anaipiga muhuri kwa nguvu hata meza ikawa inaruka, na hakuna aliyethubutu kumfokea siku ile.

Nyumbani alimkuta Dunia uani. Hakutafuta maneno mazuri. Alimpa bahasha na karatasi yake, akamwambia yote akiwa wima: muhuri, Ijumaa, kibano, tangazo. "Haiko weye muongo," alimaliza. "Iko minye. Nitaandikia yule sista, nitamwambia iko minye."

Dunia alisoma mara moja, akasoma tena. Mkewe Assumani alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Kila mtu alingoja kilio.

Msichana hakulia. Alikuwa amekunja uso, anatafuta kitu kwenye ile karatasi, kama alivyokuwa akitafuta kosa kwenye hesabu.

"Baba," akasema taratibu. "Mwisho ilikuwa Jumatano. Jumanne posta ilikuwa wazi."

"Ndiyo. Ilikuwa wazi."

"Kama ulikuwa unarudisha tarehe... juu ya nini haukupiga Jumanne? Jumanne hakuna muntu angesema kintu. Ningekuwa ndani."

Assumani akaitazama tena tarehe kwenye bahasha. Jambo jepesi hivyo! Hatua moja zaidi nyuma, vijichuma vile vile, kibano kile kile. Halikuwa limemjia akilini hata kidogo, na sasa alijua kwa nini, na ilimuuma kulisema.

"Cheti kilitoka Jumatano," alijibu. "Weye ulikileta Jumatano, mbio, minye nilikuona. Jumanne kilikuwa hakiyatoka." Akatazama mikono yake. "Kupiga Jumanne, mwanangu, ingekuwa bongo, uongo mtupu."

Dunia akamtazama baba yake. Alitaka kucheka, akaanza kabisa, kisha cheko likamgeuka kooni na akalia mbele yake kwa sauti, bahasha bado iko mkononi.