Mgongo wa Dionizi kwenye Kundi la Maombi

...ulimwambia nani, ndilo swali, siku ile ile, kabla hujashuka kwenye boti, ulimwambia nani kwamba umeumia, na Angelika mkalimani ameshalitafsiri mara mbili, "Baba Ganza, fikiria vizuri, wakili amepokea simu nyingine, usikate," na Dionizi amesimama jikoni kwake South End, Louisville, simu sikioni, mkono mwingine umeshika sinki, maana kukaa kunauma kuliko kusimama, nani, nani jamani, hakumwambia mtu, huo ndio msiba wake, nahodha alimuuliza, tena kwa upole, uko sawa? naye akajibu nzuri tu, bosi, kwa sababu ndivyo alivyolelewa kule kambi ya wakimbizi, mkubwa akikujulia hali unaanza na nzuri, hata kama nyumba inaungua unaanza na nzuri, halafu ndipo unasema lakini... na hiyo lakini ilikuwa mdomoni kabisa, ila hawa wenyeji wa huku wakishasikia nzuri wanaondoka zao, na nahodha aliondoka, na sasa kampuni inasema si alisema yuko sawa, mgongo huo kautoa ghalani alikobeba maboksi zamani, daktari wao naye anasema ni umri, umri gani, hata mvi hana! na kinachomkera kuliko vyote ni kwamba kwa kuambiwa hivyo kila siku ameanza kujitilia shaka mwenyewe, labda ni ghala kweli, labda ule mlio ndani ya kiuno, pale alipokuwa anakaza waya za kufunga matishari ya makaa yanayosukumwa na boti, na mtaimbo ukachomoka akaanguka chali juu ya chuma, labda aliuota... "Bado uko, Baba Ganza?" niko, niko... na asipothibitisha kwamba aliumia kazini hakuna fidia wala upasuaji, Mama Ganza ataendelea kumvisha soksi kila asubuhi kama mtoto wa chekechea, baharia mzima, na jioni ile alilala tu kitandani kwenye boti, mto unapita chini yake, hakula, hata simu aliishika kwa taabu, ilikuwa Alhamisi... Alhamisi! weee, Alhamisi si maombi, Louisville, Columbus na Buffalo pamoja, kila mmoja anatuma sauti yake kwenye kundi, naye alituma, Mungu wangu, alituma! amesahauje, amesahau kwa hasira, kwa sababu ya Mama Theodosia wa Lackawanna, kule Buffalo, yule mama na mdomo wake, alilichukua ombi lake akaliombea kwa kirefu mpaka basi, akamsimulia Mungu habari nzima kana kwamba Mungu hakuwepo, na kabla Dionizi hajamwambia hata mkewe, shemeji wa Westerville, kule Columbus, akapiga simu, pole, tumesikia habari za kiuno, aibu iliyoje, Dionizi akalinyamazisha kundi zima kwenye simu yake tangu siku ile, ujinga gani huu, na sasa anaitoa simu sikioni, anaweka spika, anafungua kundi, anapandisha ujumbe wa zamani, matangazo ya harusi, picha za ubatizo, mtu anauza kochi, anapandisha, hii hapa, Alhamisi, tarehe yake iko pale pale, anabonyeza, na sauti yake mwenyewe inatoka, nyembamba, inahema, Bwana asifiwe wapendwa, mimi ni mzima, lakini leo nimeanguka kazini, mtaimbo umechomoka, kiuno kimelia, miguu naisikia kwa mbali... na huyo hapo Mama Theodosia, "Ee Bwana, leo hii, juu ya lile boti, umemwona mwanao Dionizi!" ongea mama, Mungu akubariki, usiache hata kimoja, na Columbus wanaitikia amina, na Buffalo amina, mzee mmoja anakohoa kwanza ndipo anasema amina, mgongo bado unauma, wakili bado hajarudi kwenye simu, "Baba Ganza, unalia?" hapana, ndiyo, sijui, anacheka na machozi yanamtoka, si ya fidia hata, fidia itakuja au isije, ila hakuota, hakusema uongo, "niliumia kule," anasema kwa nguvu jikoni, "niliumia kule kweli."