Siku Kompyuta ya Mwalimu Philémon Ilipoanza Kusoma

Philémon alifundisha historia Bukavu kwa miaka ishirini na sita, na karibu kila jioni aliandika kitabu kuhusu wakulima wa mpunga wa Luberizi, kijiji alikozaliwa. Alikuwa amefika ukurasa wa mia mbili na kumi ugonjwa wa macho ulipomfanya kipofu. Kwa miaka miwili kompyuta ilikaa kabatini, imefungwa ndani ya kitenge, na hakuruhusu mtu kuigusa.

Mke wake, Emérence, ndiye aliyemleta Tatiana, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Nyawera.

"Huyu maman anasema mashine inaweza kukusomea," alimwambia mumewe.

Philémon alidhani wanamhurumia tu.

Tatiana aliiwasha kompyuta mezani. Badala ya kubofya picha za kwenye skrini, alifungua dirisha jeusi, tupu, ambamo mtu huiamuru mashine kwa maneno. Kwa kuwa mwenye mashine haoni, akawa anasoma kwa sauti kila kilichotokea.

"Papa, disque, pahali pa kuweka vitu, imejaa. Tuondoe kwanza vitu vyenye hautumikishe, ndiyo tupate nafasi."

"Ondoa michezo," alisema Emérence. "Watoto walijaza michezo mingi humo."

Tatiana akaandika «apt remove», amri ya kuondoa, kisha majina ya michezo na vitu vingine vilivyoonekana vya zamani. Mashine ikatoa orodha ya vyote vitakavyotoka. Akaisoma haraka, jina baada ya jina, mpaka Philémon akainua mkono.

"Simama! Hilo la mwisho, rudilia."

Tatiana akalirudia. Lilikuwa jina la programu ambayo Philémon aliandikia kitabu chake. Kifurushi kimoja, sehemu ndogo ya programu ambayo Tatiana alidhani haina kazi, ndicho kilichoishikilia programu hiyo. Kikitoka, nayo ingetoka. Chini ya orodha mashine iliuliza: tuendelee, o (oui, ndiyo) au n (non, hapana)? Akabonyeza n.

"Pardon, Papa. Maandiko yako yangebaki, lakini programu ya kuyafungua ingeenda."

"Kumbe masikio yangu bado iko na kazi," alisema Philémon, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu.

Wakaondoa michezo peke yake. Kisha Tatiana akaunganisha simu yake ili wapate intaneti, akaandika «apt install», amri ya kuweka programu, na majina mawili: kisomaji cha skrini na sauti yake. Mistari ya maandishi ikaanza kupanda kwenye skrini.

"Sasa iko inafanya nini?" aliuliza Philémon.

"Inaita mashine ingine, mbali sana. Tuliomba vifurushi viwili, lakini vinakuja arobaini na moja. Vile viwili haviwezi kutembea bila hivi vingine, na mashine inajua yenyewe ni vipi."

"Nani anavituma?"

"Watu wa inchi nyingi, Papa. Walivitengeneza, wakaviweka pale, kila mutu achukue."

"Wananijua?"

"Hapana. Hata mimi siwajui."

Philémon akavua kofia yake, akaiweka magotini. Alikaa akiwa ameelekeza uso kwenye kompyuta, kama mtu anayesikiliza hatua za wageni wengi wakipanda mlima kuja kwake.

Sauti ilianza kwa Kifaransa. Tatiana akaibadilisha, akafungua kitabu. Ikasoma kwa Kiswahili, kwa sauti ya puani, kama mtu mwenye mafua:

"Mwaka ule maji yalichelewa. Mama yangu alipanda mpunga akiwa amenibeba mgongoni."

Emérence akajishika mdomo. Mikono ya Philémon ilitafuta ukingo wa meza, ikaushika kwa nguvu. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuandika sentensi ile. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta, kwa kuogopa kwamba akitikisika sauti itakatika. Haikukatika. Ilisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi na mbili.

"Simamisha!" akasema ghafla.

"Sauti ni mbaya, Papa?"

"Hapana. Nilikosea. Ule mufereji wa mashamba ya mpunga haukuchimbwa na wazungu, vile niliandika. Ni babu yake Gracien, jirani wetu wa kijijini, aliuchimba, na jembe. Muniwekee vidole kwenye herufi."

Tatiana akamshika mikono, akaiweka mahali pake, akarudi nyuma.

"G," ikasema mashine.

Philémon akacheka kwa sauti, akaanza kuitafuta R ya jina la Gracien.