Kizungushio cha Wietske

Wietske alizungusha kizungushio cha redio yake kwenda kulia, tarakimu kwenye kioo zikakimbilia kushoto. Akazungusha tena, taratibu, kwa ncha za vidole viwili. Tarakimu zikapanda tatu, zikashuka tano, kisha zikaruka hadi kwenye masafa ambako hakuna mwenye akili timamu ambaye angemtafuta mwenziwe. Ilikuwa Jumapili, saa tatu kasorobo asubuhi. Saa nne kamili kaka yake angekuwa ameketi mbele ya redio yake kule kisiwani, akisikiliza.

"Usiseme kitu, Gosse," akaniambia.

"Sijasema."

"Uso wako unasema."

Kweli, uso wangu haujawahi kujua kunyamaza. Mimi ni katibu wa klabu yetu ya redio hapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, mwaka wa ishirini na mbili huu, na siku Wietske alipokuja kuchukua boksi la vipande ili aunde redio yake mwenyewe, nilisema mbele ya watu wote: "Haya, mama wa maziwa kaingia kwenye umeme. Tutaona siagi." Watu wakaangua kicheko. Yeye alilitia boksi kwenye kikapu cha baiskeli akaenda zake. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na minane katika maabara ya kiwanda cha maziwa, akisaka vijidudu, na akiwa na miaka sitini na sita alifaulu mtihani wa leseni kwa alama ambazo mimi sikuzipata. Hilo nalo liliniuma, nisiseme uongo.

Kaka yake, Jelle, alikuwa mwendesha redio wa meli. Kiharusi kilimchukulia usemi na mkono wa kulia, kikamwachia hasira. Miezi minane katika nyumba ya wazee aligeukia ukuta kila mgeni alipoingia. Kalamu walipompa aliitupa. Redio yake, ambayo wauguzi walimwekea dirishani, aliisikiliza tu. Kile kibonyezo cha kupigia Morse, ile lugha ya nukta na vistari, hakukigusa hata siku moja. Mpaka Wietske alipomwambia kwamba ataunda redio kwa mikono yake, amwite Jumapili saa nne. Jelle akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika neno moja, herufi zikipandana: HUWEZI.

Wietske alirudi na feri akilia kwa furaha. "Ananichokoza, Gosse! Ni yeye yuleyule!" Ndiyo maana asubuhi hiyo, nilipojitolea kumletea redio yangu, alinitazama kana kwamba nimemtemea mate kwenye kahawa.

Klabuni kwetu tuna desturi. Mwenzako akikwama humsaidii kwa mkono, unamsaidia kwa maswali. Ukishaigusa kazi yake, redio si yake tena. Basi nikaitia mikono mifukoni, nikauliza.

"Lehemu imeshika miguu yote mitano ya kizungushio?"

"Imeshika. Nimeipasha moto upya mara mbili."

"Hukuipishanisha ile miwili ya pembeni?"

"Ningeipishanisha, ingerudi nyuma siku zote. Hii inarudi ikijisikia."

Jibu zuri. "Imekuwa hivi tangu mwanzo?"

"Hapana. Jumanne nilipoiwasha mara ya kwanza ilikwenda vizuri kabisa. Ndipo nikaisafisha."

"Ukaisafisha vipi?"

"Kwa spiriti. Ubao mzima, mbele na nyuma, kwa mswaki. Mara mbili. Kama karatasi ya maelekezo ya klabu inavyosema."

Lehemu huacha utomvu wake juu ya ubao, na spiriti huuyeyusha. Ukiosha ubao wakati kizungushio kimekwisha kufungwa, ule utomvu hutiririka ndani yake, ukagandia kwenye vibati vidogo vinavyotakiwa kugusana. Kila aliyeunguza vidole katika kazi hii analijua hilo. Karatasi ilipaswa kusema: osha kwanza, kizungushio kije mwisho. Nayo karatasi niliiandika mimi. Wanasema nyani haoni kundule. Mimi la kwangu nilikuwa nimelichapa na kuligawa nakala.

Wietske alikuwa ameshainuka. "Ulisema kweli siku ile. Mikono yangu ni ya maziwa. Nimpigie simu muuguzi, Jelle asikae bure."

Kwa pumzi mbili tatu nilinyamaza. Ndiyo, nilinyamaza. Angelibeba kosa mwenyewe, na hakuna ambaye angejua. Kisha nikamwona anavyoipangusa mikono kwenye aproni, anaipangusa tena, kama mtu aliyekutwa na uchafu, yeye ambaye miaka thelathini na minane hakuna uchafu uliompita. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona.

"Wietske, keti. Kosa ni langu."

"Lako vipi? Hata hukuigusa."

"Karatasi niliiandika mimi. Nilisahau mstari mmoja. Umefuata maneno yangu sawasawa, na ndiyo yaliyoiharibu."

Akanikazia macho. "Uliiandika lini?"

"Miaka sita sasa."

"Na hao wengine wote, zao hazikuharibika?"

"Wengine hawaoshi, Wietske. Ni wachafu."

Akavuta pumzi ndefu kwa pua. "Gosse, wewe ni mpumbavu."

"Najua."

"Basi niulize swali la maana."

Nikafikiri. "Kule maabara, chupa ikiwa na utando ndani na mswaki hauingii, mlikuwa mnafanyaje?"

Hakunijibu. Alikwishafungua droo, akatoa bomba la sindano na chupa mpya ya spiriti. Akadondosha matone kwenye shina la kizungushio, akazungusha, akauinamisha ubao, maji ya manjano yakadondokea kwenye kitambaa cheupe. Akarudia. Mara ya nne yalitoka meupe. Akaupuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, akazungusha huku na huku mara mia mbili, mimi nikihesabu. Alipoiwasha, tarakimu zilipanda moja moja, zikaruka mara moja, zikatulia. Zilikuwa zimebaki dakika nne.

Saa nne akaita. Morse yake ilikuwa ya polepole, safi, kila herufi imepigwa pasi. Kimya. Akaita tena. Mvumo mtupu.

"Labda amelala," akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Ita."

Akaita mara ya tatu, na ikaja. Sauti nyembamba, ya mkono wa kushoto, vistari vifupi mno, nukta ndefu mno. Wietske aliandika herufi moja moja, midomo ikimcheza: NANI KAUNDA.

Hakunitazama. Akapiga: MIMI.

Kisha zikaja nukta nne, halafu mbili. Nne, halafu mbili. Wietske aliandika, akafuta, akaandika upya.

"H, I. H, I. Sielewi, Gosse. Amekosea?"

"Hajakosea. Ndivyo tunavyocheka sisi hewani."

"Jelle anacheka?"

"Anacheka. Mjibu basi."

Akaweka kidole juu ya kibonyezo, asiweze kupiga. Na nukta bado zilikuwa zinakuja, zikijikwaa, zikipoteza hesabu, zikianza upya.