Mtungi wa Wagih

Ratiba alipowaona vijana wameuzunguka mtungi wake, alilitupa kapu la mikate njiani akawaendea mbio.

"Nani kawaambia muuguse? Nani?"

Wagih, mwanawe wa pekee, alikuwa ameanguka na kufa pale pale, chini ya nguzo ya taa ya bustani, mpira ukiwa kwapani. Shoti ya umeme! Wakubwa wa mji walikuja, wakakata umeme, wakatikisa vichwa, wakaenda zao, hawana haya wale. Ratiba akaweka mtungi wa maji pale alipoanguka, kama watu wa Minya, huko Misri, wawafanyiavyo maiti wao, na kila anayekunywa husema, "Mungu amrehemu Wagih." Nyumbani hakuna wa kulitamka jina hilo. Majirani nao, kwa kumwonea huruma, waliacha kumwita Mama Wagih. Siku hizi wanamwita Haja tu, na Makka hajaiona hata ndotoni. Basi kila alasiri hukaa kwenye benchi akiwasubiri wenye kiu.

"Tulia, Haja," alisema Nermin, msichana anayesomea ufundi umeme, tasta ya kupimia umeme mkononi. "Giza likiingia wahuni wanajaa humu, wasichana hatupiti. Leo tunarudisha taa."

"Rudisheni! Nimewazuia?"

"Mtungi unatoa jasho. Tazama chini. Tukiwasha umeme na nguzo imesimama kwenye maji..."

"Haja, tukupelekee nyumbani, ukaogee!" Hamdi, mwenzake Nermin, alitania kutoka juu ya ngazi.

"Funga domo wewe!" Nermin akamkata jicho.

Ratiba aliinama akaligusa tope lililoizunguka nguzo. Ee Mola! Maji ya sadaka ya mwanawe yangemuua mwana wa mwenziwe. Alilia mbele yao bila kujificha.

"Uhamisheni," alisema. "Ila msiuvunje."

Waliubeba polepole, kwa bismillah, mpaka langoni mwa bustani. Jioni ile taa ikawaka. Lakini wapita langoni hawakuwa wale wa zamani. Walikunywa, wakasema, "Mungu amrehemu mwenyewe," wakaenda. Mwenyewe nani? Ratiba alitamani kuwashika mikono.

Akaja binti mdogo, akanywa kwa pupa mpaka akajilowesha.

"Anaitwa Wagih," Ratiba alimwahi. "Sema, mwanangu, Mungu amrehemu Wagih."

Binti alikuwa ameshatoka mbio. Watoto walikuwa wakikimbizana, na nguzo ndiyo salama yao: anayeigusa hashikwi. Akaifikia, maji yangali yakimchuruzika, akaikumbatia kwa mikono miwili.

Ratiba alisimama, roho mkononi.

"Salama!" binti alipiga kelele, akacheka.

Ratiba akakaa tena, peke yake pale langoni. Alichota maji, akanywa.

"Mungu amrehemu Wagih," alisema. Akangoja kidogo, kisha akajiitikia mwenyewe, "Amin."