Kumwamsha Ajuza

Kompyuta ile waliiita Ajuza. Jina hilo alilitoa mama yao, aliyeinunua pamoja na mashine ya kudarizi enzi ambazo yeye mwenyewe bado hajawa ajuza. Sanduku lake lilikuwa jeupe zamani. Sasa lilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara. Ukimwasha alikoroma kwanza, akafikiri, akakoroma tena, ndipo akafumbua macho. Lakini bila yeye, ile mashine ya vichwa sita iliyojaza nusu ya karakana isingeshona hata nukta. Michoro yote ilikuwa tumboni mwake: nembo za shule, majina ya timu za mpira, maua ya mama. Na programu ya mashine haikukubali kompyuta nyingine yoyote. Hizi za siku hizi hazina hata tundu la kuchomeka waya wake.

Sasa Ajuza alikuwa amegoma. Unamwasha, feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi, anazima. Unamwasha tena, anaamka nusu, anazima.

"Imekufa hiyo," alisema kaka mtu, mikono mfukoni.

Huyu kaka mtaa mzima ulimwita Bosi. Hilo nalo lilitoka kwa mama, kwa sababu tangu mtoto alikuwa akitumwa maji, naye anamtuma mdogo wake. Jina likamkaa, na tabia ikakaa pamoja nalo.

"Haijafa," dada yake alijibu. "Inaumwa."

Dada mtu alikuwa Bi Uzi, maana hakuna aliyewahi kumwona bila uzi umemganda begani au kwenye nywele. Ndiye aliyeendesha mashine. Ndiye aliyeitia mafuta, aliyebadilisha sindano, aliyeongea na wateja wakorofi. Bosi kazi yake ilikuwa kupokea hela na kusema "tutaona".

"Sikiliza, mdogo wangu," Bosi alisema. "Sitaki maneno mengi. Ajuza akiamka, karakana inaendelea. Asipoamka, nauza chuma, kila mtu ashike hamsini zake."

Bi Uzi hamsini zake hazikuwepo. Ndoa yake ilivunjika zamani, akarudi kwa mama, na mama alipofariki alibaki kwenye chumba cha nyuma ya karakana, kitanda chake kikitenganishwa na mashine kwa ukuta mmoja tu wa mbao. Karakana ilikuwa kazi yake, nyumba yake na kitu pekee alichoachiwa na mtu aliyempenda. Mama alisema ni yao wote wawili. Alisema kwa mdomo, na maneno ya marehemu hushuhudiwa na anayetaka kuyakumbuka.

Kutoka kwenye ndoa alileta kitu kimoja cha maana, nacho ni ufundi. Mume alikuwa fundi redio. Siku alipohamia kwa mwanamke mwingine aliisahau pasi ya kulehemu, na Bi Uzi hakumkumbusha. Alizoea kusema kwamba kati ya mume na pasi, aliyebaki ndiye aliyekuwa anashika moto.

Alimlaza Ajuza juu ya meza ya kukatia vitambaa, akamfungua ubavu. Akapuliza vumbi, akachomoa nyuzi zilizojisokota kwenye feni, akainama na tochi juu ya ile bodi kubwa ambayo mafundi huiita madabodi. Hakutafuta sana. Pale kando ya ubongo wa kompyuta vilisimama vikopo vidogo vya bati, virefu kama kifundo cha kidole. Hizo ndizo kapasita: zinapokea umeme na kuutuliza, ufike kwenye ubongo bila kurukaruka. Kichwa cha kapasita nzima huwa bapa. Hizi zilikuwa zimetuna, na mbili zilikuwa zimetoa uchafu wa kahawia uliokaukia juu.

Bosi alichungulia. "Vidude hivyo ndivyo vinatusumbua?"

"Ndivyo."

"Si uvibonyeze virudi chini?"

"Kaka, wewe tumbo lako likivimba unalibonyeza?"

Bosi alilitazama tumbo lake, akaondoka.

Kapasita mpya alizitafuta mchana kutwa. Muuzaji wa kwanza alimletea zinazong'aa, za bei ya chee. Bi Uzi akakwangua nailoni yake kwa ukucha, na chini yake akakuta maandishi mengine: kapasita kuukuu iliyovishwa nguo mpya. Alimrudishia bila kugombana. Maduka ya mbele nayo hivyo hivyo, mpaka kwa mzee mmoja aliyekuwa nazo za kweli, zinazohimili joto. Mzee alimwonya kuwa kwa kompyuta kuukuu kama hiyo anatupa mali. Alizichukua hizo hizo. Hakutaka kumtibu Ajuza kwa kumdanganya.

Kabla ya kuchomoa hata moja, alichora kwa chaki ya nguo juu ya meza jinsi kila kapasita ilivyokaa. Hapo ndipo alipoona jambo. Kapasita ina mstari ubavuni, na mstari huo unaonyesha mguu hasi. Kwenye bodi, mahali pake pamechorwa duara, nusu imepakwa rangi nyeupe. Kwenye bodi nyingi, mstari hukaa kwenye nusu nyeupe, na fundi akishazoea hafikirii tena. Lakini aliyemtengeneza Ajuza alikuwa na akili zake: kapasita zote za kiwandani zilikaa kinyume, mstari upande usio na rangi. Fundi wa haraka angefuata mazoea, angeziweka kwenye nyeupe, na muda mfupi baada ya kuwasha angesikia pa! pa! na kuona moshi. Bi Uzi alichora mistari yote, akatia na mshale.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuvuta subira. Mguu mmoja wa kila kapasita umeunganishwa na shaba nyingi ndani ya bodi, na shaba hiyo hunywa joto. Ukiwa na pupa, unang'oa mguu pamoja na tundu lake. Alipasha, akangoja, akayumbisha taratibu, akapasha tena. Matundu aliyazibua kwa sindano ya mashine ya kudarizi, maana risasi ya kulehemu ikiyeyuka haigandi kwenye sindano hizo, kisha akapachika mpya kwa kufuata chaki yake. Moja tu hakuigusa, ndogo ya pembeni. Kichwa chake kilikuwa bapa, na kitu kizima hakisumbuliwi.

Ajuza alipowashwa alikoroma, akafikiri, akakoroma tena. Kioo kikawaka.

Bi Uzi alilia, nani amcheke? Kisha akaita ua la mama kutoka tumboni mwa Ajuza, na vichwa sita vikainama pamoja kushona maua sita.

Bosi alisikia mngurumo akaja mbio. Alimkumbatia dada yake, jambo ambalo hakulifanya hata msibani. "Mikono yako ibarikiwe, mdogo wangu!" Akatoa simu, akapiga picha mashine, akapiga picha Ajuza, akarekodi na video vichwa vikicheza. "Sogea pembeni kidogo, usiingie kwenye picha."

Bi Uzi akasogea. Alifurahi mpaka akaona aibu. Alidhani picha ni za kuwaonyesha wateja, kwamba kaka yake sasa ameiona thamani ya karakana. Siku zilizofuata alishona nembo huku akiimba.

Mgeni alikuja asubuhi moja, mtu mzima mwenye viatu safi na macho ya kukagua. "Ana kiwanda cha sare," Bosi alinong'ona. "Tuletee chai."

Alikuwa akimimina kikombe cha kwanza aliposikia mgeni akisema, "Kwa hiyo vichwa vyote sita vizima, na kompyuta yake naondoka nayo?"

"Unaondoka nayo," alisema Bosi.

Birika likasimama hewani. "Kaka, anaondoka na nini?"

"Tutaongea, dada."

"Uliniambia Ajuza akiamka tunaendelea."

Bosi alimchekea mgeni kama mtu anayeombea radhi mbuzi aliyeingia sebuleni. "Ndugu yangu huyu, ameizoea mashine." Kisha akamgeukia, sauti chini: "Ulitaka nimuuzie mashine isiyowaka?"

Basi. Ndivyo alivyoambiwa, kwa sentensi moja, mkononi ameshika birika. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakusema kwamba siku nyingine hukukumbatia kwanza. Zile kapasita nzuri alizozitafuta juani, ile subira, ile sindano, vyote vilikuwa vya kumpamba Ajuza aende kwa mwingine. Angemwacha amekufa, labda angebaki naye.

Mgeni hakuwa mtu wa kununua mbuzi kwenye gunia. "Fungua hiyo kompyuta. Nataka kuona ndani."

Bosi akaifungua. Mgeni akamulika kwa tochi ya simu. "Kapasita mpya. Nani kazibadilisha?"

"Fundi mmoja wa mjini," alisema Bosi bila kupepesa macho. "Ana duka kubwa."

Mgeni akasogeza uso karibu zaidi. Kisha akazima tochi. "Kaziweka kinyume."

"Kinyume vipi?"

"Mstari unatakiwa ukae kwenye nyeupe. Tazama: zote ziko upande mwingine. Mimi hii ilishanitokea ofisini, fundi aligeuza moja tu, ikapasuka, bodi ikaungua. Hapa zote! Hili ni bomu linangoja siku yake." Akachukua kofia yake.

Bosi hakujua mstari wala nyeupe. Jasho lilimtoka, akamtazama dada yake.

Na Bi Uzi alielewa vizuri kabisa kilichokuwa mbele yake. Hakuhitaji kudanganya wala kugomba. Alihitaji kumimina chai tu, anyamaze, na mgeni angetoka mlangoni, habari yake angewapa wenzake, na mashine ingebaki hapa pamoja na kitanda nyuma ya mbao. Alikwisha kuamua kunyamaza. Aliinamisha birika.

"Fundi gani huyu?" mgeni aliendelea, sasa kwa kufoka, maana alikuwa amefunga safari. "Hajui hata mstari ni wa nini! Mtu wa namna hii angeuza nyanya, asishike vitu vya watu. Kazi ya hovyo. Ya hovyo kabisa!"

"Hajakosea," alisema Bi Uzi.

Mdomo uliponza kichwa. Alijisikia akisema, na hakuweza kujizuia. Aliweka birika chini, akamwomba mgeni tochi.

"Bodi hii alama zake ni kinyume na nyingine. Hii ndogo ya pembeni, iangalie. Haijaguswa, ni ya kiwandani, hata risasi yake chini imelehemiwa na mashine ya huko. Mstari wake uko wapi?"

Mgeni akainama. "Upande usio na rangi."

"Na hizi mpya?"

"Huko huko." Akanyoosha mgongo. "Kweli. Halafu zingekuwa kinyume zingeshapasuka siku nyingi. Umejuaje, mama?"

"Nimezifunga mimi."

Mgeni akamgeukia Bosi. "Si ulisema fundi wa mjini?"

"Kwani hapa ni shamba?" alisema Bosi, na mgeni akacheka sana, akaweka kofia chini. Watu wa aina ya Bosi hawazami. Ukiwatupa mtoni wanarudi na samaki.

"Itadumu?" mgeni aliuliza, sasa akimwuliza yeye, kwa heshima.

Hata hapo angeweza kusema haijulikani. "Itadumu," alisema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wakapeana mikono, wanaume wawili.

Mashine ilitolewa alasiri, ikabidi mlango ung'olewe. Ajuza alifungwa na Bi Uzi mwenyewe, ndani ya vitambaa vilivyobaki, kwa sababu wabebaji walitaka kumtupa juu ya vyuma hivi hivi. Aliwaelekeza pia vijana wa mgeni namna ya kumwamsha: akikoroma mara ya kwanza msimzime, mwacheni, anafikiri.

Gari lilipoondoka, kilichobaki sakafuni ni alama za miguu ya mashine na mezani ni chaki, ile ramani ya mistari na mishale. Bosi alisimama katikati ya uwazi ule akijipepea kwa bahasha.

"Leo umeniokoa, dada. Kwa kweli."

"Na ningenyamaza je?"

"Wewe?" Bosi alicheka, tena kwa upendo, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Mama alikuwa akikwambia mshono umepinda, unafumua nguo nzima, hulali. Mwanzo niliogopa, sikatai. Lakini yule mgeni alipoanza kumtukana fundi, nikasema moyoni, kwisha. Biashara imepita. Huyu namjua, hawezi."

Akampiga begani, akamtoa uzi uliokuwa umeganda hapo, akaenda zake.

Miaka yote ile Bi Uzi alikuwa akimsamehe kaka yake kwa sababu moja tu. Alipodharauliwa, alipotumwa, alipoambiwa asogee pembeni, alijiambia: si ubaya, ni kwamba kaka yangu hanijui. Asiyekujua unaweza kumvumilia mpaka kufa.

Kumbe anamjua. Tangu mama aondoke, hakubaki mwingine duniani anayemjua vizuri namna ile.