Kunawa Hewani

Fundi cherehani alisugua kiganja kwa kiganja, akapitisha vidole kati ya vidole, akamalizia na vifundo, kisha akakung'uta mikono mikavu juu ya beseni tupu.

"Hatua zote hizo," alisema. "Weka tiki, mwanangu, nirudi kwenye cherehani yangu."

Mwanafunzi wa uzamili aliinua kalamu, akaishusha. Wiki mbili alikuwa akiweka tiki tu. Fomu yake ya uhamasishaji wa afya ya jamii iliuliza kama mama anajua kuonyesha namna ya kunawa. Haikuuliza kama ana maji. Kaya arobaini na moja, tiki arobaini na moja.

"Mama, bomba la mtaa lilikauka lini?"

"Kwani liliwahi kulowa? Siku ya uzinduzi gari lilijaza tangi, wakubwa wakanawa, wakapigwa picha, basi." Fundi alicheka. "Hukuuliza, nasi tukakuonea huruma. Mtoto wa watu, jua lote hili. Tukasema tumwonyeshe tu, amalize masomo yake."

Huruma ile ilimchoma mwanafunzi kuliko tusi. Alirudi nyumba hadi nyumba, akipiga hodi na kuuliza swali hilo moja, na kando ya kila tiki akaandika neno: hewani.

Saa kumi kasorobo aliketi mbele ya bwana afya. Chuo kilikuwa kinafunga kupokea ripoti saa kumi na moja. Bila muhuri wa ofisi hii, angerudia mwaka.

"Hewani ndiyo nini, binti?"

"Wananawa bila maji, mzee. Bomba lile ni pambo."

Bwana afya aliurudisha muhuri mezani. "Bomba hilo mimi nimeripoti linatoa maji, na ripoti imeshapanda juu. Leo unataka kunivua nguo?" Alimsogezea karatasi nyeupe na rundo la fomu mpya. "Andika mistari miwili: ulikosea, unaomba radhi. Ujaze hizi upya, nigonge, uende zako. Hayo ya maji utayashughulikia ukishakuwa mkubwa."

Aliinuka, akaenda kwenye sinki la pembeni, akafungua maji. Yalimwagika kwa kelele, naye akanawa bila haraka.

Mwanafunzi aliivuta karatasi nyeupe karibu. Mwaka mwingine wa kulala sebuleni kwa dada yake, shemeji akikohoa kwa makusudi kila akiona taa inawaka. Alishika kalamu. Akaiangalia saa ya ukutani. Kisha akazikusanya fomu zake za zamani, akazigonga mezani zikakaa sawa, akazitia mkobani.

Bwana afya alirudi akijifuta kwa taulo. Karatasi ilikuwa nyeupe vilevile.

"Binti, usijiharibie maisha kwa neno moja. Omba radhi, yaishe."

Alikuwa ameshasimama, mkoba begani.

"Siombi radhi."