Taa Nyekundu kwenye Noah ya Maduhu

"Mimi nikifika kwa mkaguzi, hata boneti hafungui," Innocent alitangaza pale stendi ya Mpanda, mguu mmoja juu ya bampa, kijiti cha meno mdomoni. "Ananiona kwa mbali tu, anabandika stika, ananiambia nimsalimie mama."

"Haya, iwashe basi twende," akasema abiria mmoja wa Katumba, aliyekuwa ameketi ndani muda mrefu mpaka shati limeganda mgongoni.

Innocent akaingia, akazungusha funguo. Noah ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena. Abiria wakateremka wenyewe bila kuambiwa, maana walishaizoea. Wanaume wakaenda nyuma kusukuma, na mama mmoja mwenye kuku akabaki pembeni akitoa maelekezo. Ilipowaka, dashibodi nayo ikawaka: taa ya njano ya injini, na pembeni yake taa nyekundu ya breki, imekodoa kama jicho la mtu aliyekesha msibani.

"Hiyo nyekundu ya nini?" akauliza mama mwenye kuku, alipokwisha kukaa kiti cha mbele.

"Pambo la Krismasi, mama."

"Mwezi wa nane huu?"

"Sisi tunaanza mapema."

Gari zima likacheka. Innocent naye akacheka, ila cheko lake liliishia kwenye meno. Ukaguzi wa magari ulikuwa kesho.

Noah yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya Maduhu, mume wa dada yake Scolastica, Msukuma aliyeingia Katavi zamani akiswaga ng'ombe, akauza baadhi ili naye awe na kitu chenye matairi. Maduhu hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa amesema mara moja tu, akiwa anakunywa maziwa: "Shemeji, mwaka jana gari ilikosa stika, nikanyamaza. Mwaka huu ikikosa, funguo nampa Nashon."

Nashon ni mdogo wake Maduhu. Udereva alijifunzia kwenye trekta, ndiyo maana kila kona huikata kana kwamba kuna tuta la kulima. Innocent tangu amalize kidato cha nne alishajaribu bodaboda, ikamtupa. Akajaribu tumbaku, ikamkaushia mgongo bure. Akauza vocha, wateja wakawa ndugu watupu. Usukani wa ile Noah ndicho kitu cha kwanza ambacho hakijamkataa. Asingeweza kurudi tena kwa dada yake kusema amekosa kazi. Alishachoka hata kuisikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo.

Aliporudi kutoka Katumba alienda moja kwa moja kwa fundi Felisiani, pale Makanyagio. Felisiani alikuwa chini ya gari, inaonekana miguu tu.

"Silinda ya breki inavuja," miguu ikasema. "Mafuta ya breki yanashuka, ndiyo maana taa inawaka."

"Badilisha basi."

"Kifaa kinatoka Mbeya. Nimeshaagiza, wiki ijayo kitakuwa hapa."

"Fundi, ukaguzi ni kesho!"

"Basi kesho usiende."

"Kesho nisipoenda, keshokutwa anaendesha Nashon."

Miguu ikajikunja. "Yule wa kona?"

"Huyo huyo."

"Pole sana, ndugu yangu."

Felisiani akaongeza mafuta ya breki, akatoa upepo kwenye paipu zake, akajipangusa mikono. "Pedali itashika kwa muda. Ukiikanyaga, ikanyage mara mbili tatu. Ila abiria usipakie mpaka kifaa kije. Umenisikia, Innocent? Usipakie."

"Nimesikia."

Alisikia, lakini alikuwa na mengine ya kukimbizana nayo. Taa ya nyuma upande wa kushoto haikuwaka. Akatafuta balbu maduka yote mpaka akaipata. Alipoifunga, honi ikakata. Honi ikarudi, waipa ikagoma. Alilala kifudifudi, akalala chali, akapigwa na jua mpaka akaanza kuongea na gari kama mtu aliyepungukiwa akili: "Wewe nimekukosea nini? Hebu niambie tu." Jioni aliegesha nyumbani kwa Maduhu, Nsemulwa, koo limejaa vumbi na viganja vinanuka petroli. Kila kitu kilikuwa kimekubali, hata kuwaka bila kusukumwa, isipokuwa zile taa mbili. Zilimwangalia.

Scolastica alikuwa jikoni. Uani hapakuwa na mtu, mbuzi tu. Innocent akachukua bisibisi, akafungua dashibodi, akakata vipande vya tepu nyeusi ya umeme, akabandika kimoja juu ya njano, kimoja juu ya nyekundu. Akafunga. Akawasha. Giza safi.

Hakushangilia. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Ikamjia barabara ya Ikola, ule mteremko wa kushukia ziwani anakopitaga kuwachukua akina mama wa dagaa, na jinsi pedali inavyozama pale hata kabla ya kona. Akaifukuza. Kwanza kesho, akajiambia. Mengine baadaye.

Kesho yake foleni ilianza mapema na jua likaikuta palepale. Magari yalijipanga kwenye uwanja wa vumbi, madereva wamelala juu ya usukani wao, na mtungi wa kuzimia moto ulikuwa mmoja tu kwa magari mengi, ukipita dirisha hadi dirisha kama kapu la sadaka. Afande Natalia, mkaguzi, alikuwa amechoka kuliko wote. Alipofika kwa dereva aliyemtangulia Innocent akaushika ule mtungi, akautazama.

"Huu tumeshasalimiana nao leo. Nenda kanunue wa kwako, ndipo urudi."

Gari lile likatolewa kwenye foleni. Innocent akamshukuru Mungu kwamba mtungi wake alikuwa ameununua kweli.

Hapo ndipo alipomwona Maduhu anakuja kwa miguu, koti zito kwenye jua lile, fimbo mkononi.

"Shemeji! Umefuata nini huku kwenye vumbi?"

"Nimekuja kuangalia. Ng'ombe wangu wakienda josho kuogeshwa dawa, nami huwa nakuwepo."

"Hamna shida, shemeji. Kaa hapo kivulini, uone kazi."

Afande Natalia akakagua taa za mbele, nyuma, honi, waipa, matairi, mikanda. Innocent akawa anajibu kabla hajaulizwa, akitia na vichekesho, mpaka afande mwenyewe akaachia tabasamu dogo la uchovu.

"Breki?"

"Inashika, afande." Akakanyaga haraka haraka mara tatu, kisha akasogeza gari hatua chache na kusimama. Ikashika.

"Dashibodi?"

Innocent akamwonyesha kwa mkono wazi. "Hakuna hata moja inayolalamika."

Afande akachungulia akiwa nje ya dirisha, akaitikia kwa kichwa, akachomoa stika kwenye bahasha. Innocent akashusha pumzi ambayo alikuwa ameibana tangu jana.

"Afande," akasema Maduhu.

Alikuwa ameshatoka kivulini. Alikuwa ameinama dirishani upande wa abiria, anaitazama dashibodi kama mtu anayehesabu zizi.

"Hapa palikuwa na nyekundu na njano. Zimeenda wapi?"

"Shemeji, zile zilipona," Innocent akawahi.

"Zimeponaje na kifaa bado hakijaja? Nimepita kwa Felisiani asubuhi, kaniambia wiki ijayo." Akamgeukia afande, kwa heshima, bila hasira yoyote. "Sisi kwenye josho, anayekohoa ndiye tunamtanguliza kwa daktari. Ukimficha huyo, atakumalizia zizi. Wewe ndiye daktari, afande. Mwangalie vizuri."

Afande Natalia akairudisha stika kwenye bahasha. "Zima gari. Haya, washa swichi tu, injini acha."

Innocent akazungusha funguo nusu. Dashibodi nzima ikawaka taa zake zote, kama inavyotakiwa kabla injini haijaanza. Zote, isipokuwa sehemu mbili zilizobaki nyeusi tii, zenye kingo zilizokatwa kwa mkasi.

Kwenye foleni mtu akapiga mluzi. Innocent akatafuta kichekesho. Maisha yake yote hakuwahi kukikosa, na sasa alipapasa kila mahali akakuta patupu, uchovu tu.

"Nani amebandika hii?" akauliza afande.

"Fundi," akasema Innocent. "Fundi Felisiani, afande. Mimi hata sikujua."

Maduhu akanyoosha mgongo taratibu. Akaunyoosha mkono wake ndani ya dirisha, kiganja juu, mbele ya funguo.

"Hapana, shemeji," akasema. "Jana jioni nilikuwa nyuma ya zizi, nafunga ndama. Nilikuona na bisibisi. Nikadhani unatengeneza redio."